Safari ya Kwenda Kuoga Uganda

Wanaume watatu wazima na akili zao, mmoja mwalimu, mmoja dereva wa lori, mmoja mume wangu, walikaa sebuleni kwangu Ijumbi wakipanga kuvuka mpaka kwenda Uganda kuoga. Kuoga! Na kabla ya kuoga wapige kampira kadogo kwa fimbo. Nami nikatarajiwa kupika ndizi, niandae meza, niitikie "haya, vizuri." Thubutu.

Naitwa Klaudia Kokuberwa. Watu wa Ijumbi watakwambia mimi ni mwanamke wa kushuku, na sibishi. Lakini sikuzaliwa hivyo. Nilikuwa na wasichana watatu na mama mkwe aliyekuwa akisema, nikiwa nasikia, kwamba nyumba ya wasichana watupu ni ghala la watu wengine. Kila mara alimtajia mwanawe jina la binti fulani wa Buganguzi mwenye nyonga nzuri. Kwa Wahaya mwanamke akiletewa mwenzake na akashindwa kuvumilia, hurudi kwa kaka yake. Mimi kaka nilikuwa naye mmoja tu, Datius, naye baba alipokufa aliuza kahawa yote ya msimu, akanywa, akaondoka kwenda Uganda kutafuta kibarua. Hata mama tulipomzika hakuonekana. Kibanja cha baba, shamba letu la migomba, akakichukua baba mdogo. Siku Datius anaondoka nilimfuata mpaka njia panda, nikampigia kelele mbele ya watu: "Nenda! Na kwangu hutapata kitu, hata makapi!" Tangu siku ile nikakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba yangu.

Basi mtu asiye na pa kurudi atakosaje kuchungulia mlango?

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani za Mwingereza, Projestus mume wangu na wenzake Gamaliel na Philbert walikuwa vijana wa kubeba mikoba ya Wazungu kwenye uwanja wa gofu pale Bukoba, karibu na ziwa. Miaka yote ile walibeba fimbo, walitafuta mipira majanini, hawakuruhusiwa kupiga hata mara moja. Wakaapizana kwamba siku moja watacheza wao, tena si Bukoba, bali Entebbe, kwenye uwanja mkubwa. Wakirudi watapitia Ankole, Kitagata, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa moto, watu wanajilaza humo mpaka mifupa inalainika. Walale hotelini kwenye mashuka meupe. Waletewe chai. Mzungu wa Projestus alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia mkoba mrefu wa ngozi na fimbo sita. Fimbo moja mimi nilikuwa naangulia parachichi.

"Projestus," nikamwambia, "ziwa lote hili la Nyanza, maji hayana mwisho, wewe unatafuta pasipoti ukaoge?"

"Ni maji ya moto, Klaudia."

"Kuni hapa zimekwisha?"

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikunipendeza. Halafu nikiingia na sinia, wale watatu wanahama kutoka Kihaya wanaingia Kiingereza. Mwalimu Gamaliel, Mlutheri mwenye tai hata siku ya kazi, ndiye alikuwa wa kwanza kubadilisha. Nikaweka sinia taratibu, nikapanga sahani moja moja, nikapangua, nikapanga tena. Kiingereza kikaendelea mpaka nilipotoka. Nikasema moyoni, dalili ya mvua ni mawingu.

Siku ya gulio pale Muleba nikakutana na Penina, mke wa Gamaliel. Nikamuuliza kama mtu asiye na haja, "Ma Penina, hii safari ya waume zetu unaionaje?"

"Ah, mkutano wa kanisa huko Kampala," akasema. "Ni siku chache tu."

Mkutano wa kanisa! Mume wangu Mkatoliki wa rozari kila jioni, ahudhurie mkutano wa Walutheri? Nikaenda moja kwa moja kwa mke wa Philbert, aliyekuwa akiuza nyanya. Yeye akasema Philbert anakwenda kufuata vipuri vya lori. Mawe! Wanaume watatu, gari moja, safari tatu. Mmoja anasali, mmoja ananunua vipuri, mmoja anaoga. Nikarudi nyumbani.

Leo najua kwa nini. Mwaka ule wa sabini, Gamaliel ndiye alikuwa akifundisha somo la ujamaa kwenye tawi la TANU. Angejulikana kwamba anakwenda kujipigia gofu kama bepari na kulaza kiwiliwili chake kwenye maji ya moto, angekoma. Philbert naye alimwogopa mwenye lori, asije akajua lori lake limekwenda matembezi. Kwa hiyo wale wawili wakatunga. Wa kwangu peke yake ndiye aliyekuwa amesema kweli, nami kati ya wake wote watatu nilikuwa peke yangu niliyekataa kuamini. Haki ya Mungu, ukweli wenyewe ulikuwa wa kipumbavu mno.

Kisha likaja la kitenge. Nilikuwa nimekwenda Bukoba kununua chumvi na daftari za watoto, nikapita Miembeni dukani kwa Shamsia, anayenifahamu siku nyingi. Akanipokea kwa furaha: "Ma Klaudia! Kile kitenge alichochukua mzee kwa ajili yako, ulishakishona?"

"Kitenge gani?"

Akaona uso wangu, akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Hapa nieleze jambo la kwetu. Senene wakianguka, mwezi wa kumi na moja, mke ndiye huamka alfajiri na umande, akawaokota majanini, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akampa mumewe. Wanawake zamani zile tulikuwa hatuwali. Mume akishapokea senene humnunulia mkewe nguo. Si hisani, ni haki yake. Mwaka ule nilikuwa nimemwokotea Projestus senene wengi mpaka vidole vikavimba. Akala, akasifu, nguo akasema, "Subiri kidogo." Na kitenge keshanunua! Nikapekua nyumba nzima. Nilikikuta ndani ya ule mkoba wa gofu, kimeviringishwa katikati ya fimbo, cha bluu, chenye maua ya njano. Nikakirudisha kama kilivyokuwa. Nililia jikoni kimya kimya, nikasingizia moshi.

Siku mbili kabla ya safari Projestus akaja nilipokuwa nikimenya ndizi. "Klaudia, nifungie senene wa safari. Funga kwa maganda ya mgomba, vizuri, kama alivyokuwa akifunga mama yako."

"Senene wa nani?"

"Wa rafiki."

"Rafiki gani?"

"Wewe funga tu, mama. Ukiniamini mara hii moja hutajuta."

Nikafunga. Fundo la mama, linalozungushwa mara mbili na kuingizwa chini. Lakini rohoni nilikuwa nawaka. Kitenge changu, senene wangu, mikono yangu, vyote vinakwenda kwa mwanamke wa Uganda! Ndugu zake watakula senene wa mke mkubwa, yeye akiwa amevaa nguo ya mke mkubwa. Nami nitaambiwa nimsogezee kitanda. Nikishindwa niende wapi? Kwa baba mdogo aliyekula kibanja chetu?

Asubuhi ya safari Projestus alikuwa nyuma ya nyumba akioga. Ndiyo, alioga kwanza ili akaoge. Nikachukua kile kifurushi, nikakifungua, nikawamimina senene wote kwenye chungu, nikakiweka chungu darini. Nje ya mlango kulikuwa na makapi ya kahawa tuliyokuwa tumetwanga. Nikajaza. Nikafunga fundo la mama, mara mbili na kuingiza chini. Uzito wake karibu uwe uleule. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, nikasema, "Msalimie huyo rafiki."

Akaniangalia kwa upole ambao ulinikera zaidi. "Nitamsalimia," akasema.

Gari la Philbert likaondoka. Siku nne nilikuwa mtu wa ajabu. Nikimfikiria huyo mwanamke akifungua kifurushi mbele ya ndugu zake, makapi yakimwagika kwenye mkeka, nacheka peke yangu shambani. Kisha kicheko kinakata, nabaki na jembe. Mama mkwe akaniuliza kama naumwa, nikamwambia niko mzima kuliko yeye.

Walirudi Jumapili, baada ya misa ya pili. Niliposikia gari nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Projestus akaingia peke yake, akaegemeza mkoba ukutani, akakaa. Uso umemshuka. Nikamwekea ndizi na maharage. Akala kidogo, akasogeza sahani.

"Mlicheza?" nikauliza.

"Tulicheza. Gamaliel mpira wake wa kwanza ulikwenda ziwani. Philbert alipiga ardhi, bonge la nyasi likaruka mbali kuliko mpira. Akaja mtu wa kukata nyasi, akapiga magoti, akalirudishia lile bonge mahali pake, akalipapasa kwa kiganja. Philbert akaniambia, 'Ndiye huyo.' Alikuwa amemwona safari iliyopita, ila jina analotumia kule ni jingine, hakuwa na hakika. Ndiyo maana nilitaka nimwone kwa macho yangu kabla ya kukwambia lolote."

"Ndiye nani?"

Projestus akainuka, akafungua mkoba, akatoa kile kitenge cha bluu, akakiweka mbele yangu mezani. "Hiki ni chako. Alitakiwa akupe yeye mwenyewe. Mtu hawezi kurudi kwa dada yake mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo, na mshahara wa kukata nyasi naujua. Nikasema ninunue mimi, akupe yeye."

Sikuweza kukigusa. "Projestus, ndiye nani?"

"Umenikataza kulitaja jina lake humu ndani."

Nikakaa chini, sakafuni.

Akanieleza taratibu, bila hasira, na heri angenipiga. Datius amezeeka kabla ya umri. Pombe ameacha. Alipomtambua shemeji yake alilia mbele ya wale mabwana wa gofu, ikabidi Gamaliel amsogeze pembeni. Akakubali kurudi nyumbani. Alikuwa na hofu moja tu, mimi. Akauliza, "Klaudia atanipokea?" Projestus akamwambia, "Angekuwa hakupokei angekutumia hiki? Amewaokota mwenyewe, amewafunga mwenyewe." Akampa kifurushi. Datius akalitazama fundo, akasema, "Hili la mama." Akafungua.

"Makapi yakamwagika kwenye nyasi," Projestus akasema. "Alikaa anayaangalia. Nikamwambia kuna makosa, nikaapa, hakunisikiliza. Kisha akacheka. Akasema, 'Aliniambia sitapata hata makapi. Mwambie nashukuru, ameniongeza.' Akayakusanya yote, hata yaliyoingia majanini, akayafunga tena, akaenda nayo. Kitenge akakataa kukishika. Kitagata hatukwenda. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuoga."

Nilipiga kelele, majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Nikasema yote: kitenge, mwanamke wa Uganda, makapi. Kwa jina la Maria, nilikuwa nimechota tu kilichokuwa karibu na mkono. Yale maneno ya njia panda sikuyakumbuka hata kidogo. Aliyeyakumbuka ni yeye, miaka yote ile, akipiga magoti kwenye nyasi za watu.

Majirani walipotoka nikamuuliza Projestus, "Kwa nini ulifanya vyote hivi?"

Akajibu, "Miaka kumi na miwili umekaa nami kama mgeni aliyeshika mzigo mlangoni. Kila nikitoka unadhani nakwenda kuleta mke. Nikasema, kaka akirudi, akidai kibanja cha baba yenu, utakuwa na kwenu. Halafu ukikaa kwangu, utakuwa umekaa kwa kupenda."

Tukakubaliana kwamba Pasaka tutakwenda wote wawili, mimi na senene wangu mkononi. Gamaliel akaniandikia barua ya kutangulia, nikaweka dole gumba ingawa najua kuandika jina, ili Datius aone kidole changu. Mwezi wa kwanza wanajeshi wakapindua serikali kule. Mpaka ukawa wa bunduki. Philbert hakupita tena, barua haikujibiwa, na baada ya miaka ikaja vita. Tumeuliza kwa kila aliyevuka. Wengine wanasema mtu kama huyo alionekana Masaka, wengine wanasema hapana.

Projestus hakuoa mke mwingine, wala fimbo zile hakuzigusa tena. Kitenge kimo sandukuni, hakijashonwa.

Pasaka ile nilishusha chungu darini. Kwa kuwa walikuwa wamekauka vizuri, senene hawakuwa wameharibika, ukiwashika wanalia kwa ukavu. Niliwatia kwenye sahani nikampelekea Projestus, nikipiga goti, safari hii kwa kweli. Akaitazama sahani, akairudisha mikononi mwangu.

"Hao si wangu," akasema. "Ni wa Datius."