Hauzi Bila Kuona Mgongo

Shemeji yangu, mume wa dada, hutengeneza viunzi vya mbao vya kubebea mizigo mgongoni, pamoja na shanta za turubai za kufungwa juu yake. Zamani kila mchukuzi alikuwa na chake. Leo watu wanabeba mabegi ya nailoni yanayoachia mshono kabla mwenyewe hajafika kona, na bado wanajiona wameendelea.

Kazi yake hufuata mwili. Mteja huvua shati na kugeuka, naye humpapasa mabega na uti wa mgongo ndipo akate mbao. Asiyeleta mgongo haondoki na kiunzi. Sharti hilo lilikuja baada ya wauza vitu vya kale kumchezea: walinunua viunzi vipya, wakavifukiza moshi, wakavizika topeni, kisha wakawauzia matajiri kama mali ya mababu. Tangu hapo shemeji humtazama kila mteja kama kuku anavyomtazama mgeni.

Asubuhi moja akaingia mwanamke kijana, ameshika shati la kiume.

"Shikamoo, fundi. Nataka kiunzi cha mume wangu. Pima kwa hili."

"Marahaba. Shati nimeliona. Mume yuko wapi?"

"Kazini. Kwenye tanuri la matofali, nyuma ya stesheni."

"Hana miguu?"

"Anayo, baba. Hana ruhusa."

"Na nani kakuelekeza kwangu?"

"Watu tu."

"Watu gani? Hawana majina hao watu?"

Mwanamke akainamia maranda yaliyojaa sakafuni. "Kamba inamkata mabega, fundi. Akiendelea hivi ataacha kazi, na nyingine hana. Ila mwenyewe usimwambie, tafadhali."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Alipotoka, shemeji akalipeleka shati dirishani, akaligeuza ndani nje, akalinusa.

"Halinuki moshi," nikamwambia.

"Watakuwa wamelifua. Mke amfiche mume kiunzi cha kumfaa mwenyewe? Huyu katumwa."

Dada akachungulia kutoka jikoni. "Ulipokuja kuniposa, baba angekuhoji hivyo, ungekuwa kapera mpaka leo."

"Baba yako alinihoji," shemeji akajibu. "Aliyepita bila kuhojiwa ni wewe."

Tukatoka, mimi na shemeji, kwenda kuutafuta uongo. Njia nzima alikuwa ameshahukumu: hakuna mume, hakuna kazi, huenda hata tanuri hakuna.

Tanuri lilikuwepo. Wachukuzi walikuwa wakipanda ubao kwenda kwenye lori, matofali yamefungwa kwa kamba migongoni mwao. Wote walivaa mashati isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa kifua wazi, amekunja gunia chini ya kamba, lakini kamba ilikuwa imeshakula gunia na sasa ilikuwa ikila ngozi.

Alipotua mzigo, shemeji akamsogelea kwa nyuma akamgusa bega. Kijana akaruka.

"We mzee, vipi? Unanipapasa nini? Nani kakutuma?"

Shemeji, bingwa wa maswali, sasa akawa yeye anayehojiwa. Akatoa shati mfukoni.

"Kumbe unalo wewe! Shati langu pekee, lilikuwa limeanikwa uani! Tangu asubuhi sisemi na jirani kwa ajili yake!"

"Kaleta mkeo, nikupimie kiunzi."

"Kile cha wazee? Nilishamkatalia. Hawa watanicheka."

"Wanakucheka sasa hivi, mwanangu."

Ni kweli, walikuwa wamesimama kwenye ubao wakicheka. Kijana akatutazama mmoja baada ya mwingine, akalitazama shati, akarudi kututazama. Hakutuamini, wala simlaumu. Akavuta bega moja mbele, uso ukamkunjamana kwa maumivu. Msimamizi alikuwa akimwita kutoka kwenye lori.

"Fanya haraka, basi," akasema, akatugeuzia mgongo.

Shemeji akaanzia shingoni, taratibu, vidole vikipita kando ya vidonda.