Dengu Niliyoonja

Nafanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja Mhindi hapa Arua. Mwanawe ana duka la mabati. Nyuma ya duka tunabaki mimi, mama, na mungu wake.

Mungu huyo ni sanamu ndogo ya shaba: mtoto anayetambaa, ameshika donge la siagi. Asubuhi mama humwamsha, humwogesha, humvika nguo aliyomshonea mwenyewe. Jioni humfunika, na mbu wakizidi humtandia kipande cha neti. Kwetu Lurujo, huko Koboko, sisi ni Waislamu, na siku za kwanza nilipita hapo nikiangalia chini. Siku moja nilimwuliza mama kama anamwogopa mungu wake.

"Mutu anaogopa mtoto yake?" akacheka. "Mimi napenda yeye tu. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Ni kazi kweli, na inanichosha hata mimi. Mama hali kitu ambacho mtoto hajawekewa kwanza, na anachowekewa kisiwe kimeonjwa na mtu yeyote.

Siku moja ya msimu huu wa mvua mkaa ulikuwa umelowa, nikapuliza sigiri tangu asubuhi mpaka macho yakauma. Mwanawe alikuwa amepeleka mabati Koboko. Mama alikuwa ameshajidunga sindano yake ya ugonjwa wa sukari, na baada ya sindano ni lazima ale upesi, asipokula anaanguka. Dengu zikaiva. Nikadondosha mchuzi kiganjani, nikalamba, kama anavyofanya mama yangu kila anapopika.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, ananitazama.

"Umeonja."

"Ndiyo, Mama. Chumvi iko sawa."

"Pika ingine."

"Mama, sindano iko ndani tayari! Kula wewe kwanza, yeye atapata baadaye."

"Wewe ukizaa, utakula huku mtoto anaangalia?"

Jasho lilikuwa linamtoka, vidole vinatetemeka. Sukari haikai nyumba ile. Nikakumbuka ndizi mfukoni mwangu, chakula changu cha mchana.

"Hii hakuna mutu ameonja. Iko na ganda yake."

Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. "Weka wewe."

Sikuwa nimewahi kugusa rafu anapokaa mtoto. Nikanawa mikono, nikamenya ndizi, nikaiweka mbele ya mtoto.

"Niseme nini?"

"Ambia yeye akule."

"Kula," nikasema kwa sauti ndogo. "Mama yako ni mgonjwa."

Nikanyoosha mkono kuichukua.

"Ngoja! Hata wewe hauli haraka hivyo."

Nikangoja, macho yangu kwake, macho yake kwa mtoto. Alikuwa anamtazama taratibu kabisa, kama mtu asiyeumwa. Mwishowe akaitikia kwa kichwa. Nikamlisha ndizi vipande vipande. Mtetemo ukapungua, akaniambia nifute makamasi; kumbe nilikuwa nalia.

Nikarudi kwenye sigiri, nikapika dengu nyingine bila kuonja. Mtoto akawekewa, kisha mama akala, akamaliza sahani.

"Chumvi je?" nikauliza.

"Nyingi sana. Lakini yeye hakulalamika."

Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikala zile za kwanza. Zilikuwa zimepoa, na chumvi yake ilikuwa sawa.