Skuta ya Mwalimu Kikoti

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyomwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba mguu wake ndio mbovu, wakati kilichokuwa kibovu ni kazi ya mikono yangu. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Magoti yamechoka, macho yamechoka, na siku hizi hata kunyamaza kunanichosha. Basi nisikilize, wewe unayeanza ufundi, nitaongea polepole.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa pikipiki pale Mwanjelwa, Mbeya. Gereji ilikuwa ya Mzee Ambakisye, mtu mfupi, mpole, aliyenipokea nikiwa sijui hata kushika spana. Kufikia mwaka huo nilikuwa nimeanza kujiona. Wateja wakifika walikuwa wananitafuta mimi kabla ya kumsalimia yeye, na mimi niliona ni haki yangu.

Mwalimu Kikoti alikuwa mmoja wa wateja hao. Mhehe wa Kihesa, Iringa, aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi iliyo juu mlimani, nje ya mji wetu. Polio ilimpata utotoni ikamwachia mguu wa kushoto mwembamba, usio na nguvu. Pikipiki ya kawaida hakuiweza, maana gia zake hukanyagwa kwa mguu huo huo. Lakini skuta yake ya zamani ilikuwa na gia kwenye mkono, na breki upande wa kulia, utafikiri ilitengenezwa kwa ajili yake. Alikuwa anaipandisha stendi, anakaa kwenye kiti, anakanyaga kiki kwa mguu wa kulia mara moja au mbili, inawaka. Kwa miaka sita aliupanda mlima ule kila asubuhi, kwenye mvua, kwenye ukungu, kwenye baridi ya Juni inayokausha midomo. Wanafunzi wakiisikia kwa mbali walikuwa wanakimbilia mstarini.

Siku moja alikuja kunieleza kwamba skuta inakatakata ikinyeshewa. Ilikuwa na platinamu, ile midomo miwili midogo ya chuma inayofungua na kufunga ili cheche ipatikane kwenye plagi. Ikichakaa, unaisugua kidogo, unaipanga vizuri, basi. Kazi ya nusu saa. Mwalimu mwenyewe aliomba hivyo tu.

Mzee Ambakisye hakuwepo. Alikuwa amekwenda Ubaruku kuvuna mpunga wake, akaniachia gereji kwa majuma kadhaa. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nimepata seti mpya ya spea za moto, yaani za kutoa cheche, ambazo hazikutoka kwa waliotengeneza skuta ile, lakini aliyeniuzia aliapa kwamba zinaingia bila shida na hazitumii platinamu kabisa. Nikamshawishi mwalimu. Nilimwambia platinamu ni mambo ya kizee.

Mchana huo mmoja nilibadilisha kila kitu. Sahani ya ndani nyuma ya sumaku, boksi la sidiai linaloshika nafasi ya platinamu, koili inayoukuza umeme wa cheche, waya wa plagi, na plagi yenyewe. Vya zamani nikavitupa kwenye chuma chakavu, na wanaokusanya vyuma wakapita wakavichukua jioni ile ile. Koili mpya niliijaribu kwanza ikiwa inaning'inia na kugusa bodi, skuta ikawaka vizuri sana. Halafu nikaona pale inapofungwa pana kutu. Nikapasugua, nikapapaka rangi nyeusi mara mbili, nene, ipendeze. Ilipokauka nikaifunga koili juu yake.

Skuta ilienda siku mbili. Siku ya tatu mwalimu alirudi nayo ikisukumwa na mlinzi wa shule, haiwaki. Nikaishusha kutoka kwenye stendi, nikapiga kiki kwa uzito wangu wote hadi ikayumba, ikawaka. Akashukuru, akaondoka. Kesho yake akarudi tena. Nikabadilisha plagi. Akarudi. Nikafungua kabureta, nikamwaga petroli, nikaweka nyingine. Akarudi. Nikatoa boksi jipya nikaweka boksi jingine jipya. Kila nilipopiga mimi, iliwaka. Kila alipopiga yeye, akiwa amekaa kwenye kiti na skuta ikiwa juu ya stendi, ilikuwa kimya. Kwa muda huo wote alikuwa anachelewa kazini, na mwalimu mkuu alikuwa ameshamwita ofisini, maana darasa lake la saba lilikuwa linakaribia mtihani.

Jumamosi moja, soko limejaa, alikuja akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, tangu uweke hivi vipya skuta haijatulia. Naomba unirudishie vile vyangu vya zamani."

Vile vya zamani havikuwepo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mwanangu. Maneno mawili tu yangetosha: nimevitupa, nimekosea. Lakini watu walikuwa wamesimama wananiangalia, na mimi ndiye fundi mkubwa.

Nikamwambia, "Mwalimu, skuta haina ubaya. Nikipiga mimi inawaka, ukipiga wewe haiwaki. Mfumo huu unataka kiki yenye nguvu, na miguu yako tunaijua."

Mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Nikaishusha skuta kutoka kwenye stendi, nikapiga kiki, ikawaka, nikawageukia watu kama aliyeshinda kesi.

Mwalimu Kikoti alitazama chini. Nami nikaona kwamba hautazami ule mguu wa kushoto aliouzoea tangu utoto. Alikuwa anautazama wa kulia, ule mzima. Baadaye akaniomba niiweke tu skuta pale gereji, akipatikana mtu wa kuichukua nimpe. Akashika fimbo yake, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Mwezi haukuisha nikasikia ameomba uhamisho, amerudi kwao Iringa.

Mzee Ambakisye aliporudi kutoka Ubaruku aliikuta skuta imeegemea ukuta. Akaniuliza imekuwaje, nikamweleza kwa namna iliyonifaa mimi. Hakubisha. Aliipandisha stendi, akapiga kiki, kimya. Akaishusha, akaitikisa huku akipiga, ikawaka. Akaizima. Akakaa juu ya tairi akawa ananiangalia, halafu akaniuliza kama sijajiuliza kwa nini inawaka ikitikiswa tu.

Akafungua bolti mbili za koili. Akachukua kisu, akaikwangua rangi yangu mpaka chuma kikaonekana cheupe, akaifunga koili, akakaza.

"Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi," akasema. "Ya kurudi ni chuma cha bodi, nawe umekipaka rangi. Ikiyumba, bolti inagusa chuma kidogo, cheche inapatikana. Ikitulia, hakuna." Akaipandisha stendi. "Haya, usipige kwa mguu. Kandamiza kiki kwa mkono."

Nikakandamiza kwa mkono. Ikawaka.

Sikuthubutu kuinua uso. Yeye alisubiri mpaka nilipoizima ndipo akaendelea, tena kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Lusekelo, la rangi ni kosa la kazi, hata mimi nimefanya mengi kulipita. Ulibadilisha vitu vitano mara moja, kwa hiyo kilipotokea kibaya hukujua kimetoka wapi. Hilo utajifunza. Lakini la mguu wa mwalimu si kosa la kazi. Hilo siwezi kukurekebishia. Nenda mwenyewe."

Ungefikiri nilikwenda kesho yake. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda mvua zikikatika. Zikakatika. Nikasema baada ya Pasaka, nikasema baada ya mavuno. Mzee hakunikumbusha hata siku moja, lakini skuta ile hakuiruhusu ichukuliwe na mtu, na kila asubuhi tulipofungua gereji niliisogeza mimi ili tupate nafasi ya kufanya kazi. Aibu ina uzito, mwanangu, na ukiichelewesha haipungui hata kidogo.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mwishowe nikaomba nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka mchele Iringa, tukaipakia skuta juu ya magunia.

Pale Kihesa nilielekezwa nyumbani kwa dada yake. Nilimkuta barazani anachambua maharage, akanipokea kwa "Kamwene" ya Kihehe, akamwita kaka yake. Mwalimu akatoka. Zamani nilimjua na fimbo moja. Sasa alikuwa na mbili, moja kila mkono.

Nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia. Sikungoja kukaribishwa kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, koili, rangi, vile vya zamani nilivyovitupa, kiki niliyoikandamiza kwa mkono. Dada yake aliacha maharage. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mwanafunzi akisoma.

"Mguu wangu wa kulia nilikuwa naujua," akasema. "Ila siku ile nilianza kuutazama kwa macho yako. Tangu hapo nikiukanyagia naona utaniangusha."

Nikamwomba aijaribu skuta. Alikataa. Dada yake akamwambia jambo kwa Kihehe, taratibu, na baada ya muda akakubali. Nikaipandisha stendi. Akakaa, akaweka fimbo zake mapajani, akakanyaga kwa mguu wa kulia. Ikawaka mara ya kwanza. Hakutabasamu. Aliizima, akaiwasha tena. Akaizima, akaiwasha. Mara nne. Ya nne akaiacha ingurume, akaniangalia.

"Miaka miwili, fundi," akasema.

Tulikula pamoja mchana ule. Alinisamehe, na alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Skuta alianza kuipanda tena kwenda shule ya karibu na pale, alikohamishiwa. Lakini shule ya mlimani ilishapata mwalimu mwingine, na lile darasa la saba lilimaliza bila yeye. Nilipopita Iringa miaka mingi baadaye bado alikuwa anatembea na fimbo mbili. Kwa hiyo ukisikia mtu amesamehewa, mwanangu, usidhani kila kitu kimerudi mahali pake.

Siku hizi mnaagiza spea kwa simu, zinafika na basi zikiwa kwenye boksi zuri, na mimi sizikatai, nyingi ni nzuri. Nakuomba haya tu. Badilisha kitu kimoja, kijaribu, ndipo ushike kingine. Cha zamani kihifadhi mpaka kipya kimezoea kazi. Chombo kilichokuwa kinawaka kabla hujakigusa kikikataa baada ya kukigusa, anza kutafuta pale ulipopita wewe, usianze na mwenye chombo. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wanakuangalia, kwa sababu maneno uliyomwambia mtu juu ya mwili wake anaondoka nayo, na hakuna spana ya kuyafungulia. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa, na uchovu unaouona kwangu si wa umri peke yake.

Haya, mwanangu. Mungu akupe mikono mitulivu na moyo mwepesi wa kukiri. Akupe wateja wanaokuamini, na akulinde usije ukaijua thamani ya imani yao siku utakayokuwa umeipoteza. Uzeeke ukiwa na usingizi mzuri.