Nyasi Chini ya Miguu ya Wakwe

Nikisema Polikarpi ni mpumbavu, watu wa hapa Ihembe huniambia nishushe sauti. Sishushi ng'o! Nilikuwepo, niliona.

Eustadia ni jirani yangu, mjane wa kaka yake Polikarpi. Chakula chake chote kinatoka kwenye kibanja cha migomba kinachozunguka nyumba yake. Kikifa kile, mama wa watu, na mgongo wake ule, ataenda kulima vibarua. Zamani mwezi wa tisa mvua ilikuwa inafika. Siku hizi wa tisa unapita, wa kumi unaingia, jua linachoma tu. Joto la namna hii hatukulizoea. Migomba inakunja majani mchana kutwa, ikishindwa inavunjika katikati, mkungu ukiwa bado mchanga.

Dawa ni kufunika udongo kwa nyasi nene, unyevu usitoroke. Nyasi zinatoka rweya, kile kilima cha wazi cha kijiji. Eustadia alikipanda kila asubuhi, akakata, akashusha mzigo kichwani. Alikuwa amefunika nusu ya kibanja.

Ndipo Polikarpi na wenzake wakachoma rweya. Eti moshi ukipanda, mawingu yanajikusanya, mvua inashuka. Jamani! Kilima kizima kiligeuka jivu, na cheche zikarukia kibanja cha Eustadia, zikala hata nyasi alizokwisha kutandaza. Tulizima kwa matawi mpaka tukakosa pumzi. Mvua? Hata manyunyu hatukuyaona.

Polikarpi mwenyewe alikuwa ameshakata nyasi zake mapema. Si za migomba! Alizitandika sebuleni, maana wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na kwetu mgeni wa heshima hakalii sakafu tupu. Siku ya ugeni, wakwe wamekaa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inamiminwa, Eustadia akaingia. Akawaamkia wazee shikamoo, wakamwitikia vizuri. Kisha akainama, akaanza kuzoa nyasi kuanzia mlangoni.

"Shemeji, una wazimu?" Polikarpi alinong'ona. "Mbele ya wakwe?"

"Inua mguu."

"Unaniaibisha!"

"Uliponichomea kibanja hukuona aibu. Inua mguu, Polikarpi."

Mzee mmoja wa wakwe, mkulima wa Nyakatuntu, akauliza kulikoni. Nilimweleza mimi, tena kwa sauti kubwa, moshi na mawingu yake na yote. Mzee akasimama, akasogea ukutani kumpisha azoe, na wenzake wakamfuata. Eustadia akafunga mzigo wake, akatoka. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nyasi zile zilitosha migomba ya nyuma ya jikoni tu. Iliyobaki yote ilianguka, na mvua ilipojikokota kuja ilikuta visiki. Sasa Eustadia analima mashamba ya watu. Kibanja cha Polikarpi nacho kimekauka chote.

Wiki iliyopita bwana huyo alikuja kwa shemeji yake, kofia mkononi, akiomba machipukizi ya migomba ya kupanda. Eustadia alikuwa ndiyo kwanza anatoka kibaruani, matope mpaka magotini. Nikapiga kelele kutoka kwangu asimpe.

"Na wale watoto wake watakula nini?" akaniuliza.

Akampa jembe, akamwonyesha pa kuchimba, kule nyuma ya jikoni. Mimi nisingempa hata jani la kufunikia chungu.