Ukuta wa Mama Achieng'

Kuna Jumamosi moja ya miaka ya tisini ninayoikumbuka kila mawingu yanapotanda. Nakusimulia leo, mwanangu, kwa sababu nasikia umechaguliwa kiongozi wa vijana hapa Silanga. Hongera. Sasa kaa chini.

Miaka ile hukuweza kugusa hata ukuta wako bila ruhusa. Mzee wa kijiji alinipa kazi ya kuzunguka kuangalia nani anajenga, na mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili, kichwa kikavimba. Asubuhi hiyo nikamkuta Mama Achieng', muuza sukuma wiki, akikandika matope kwenye ukuta uliokwisha kuinama.

"Nani amekuruhusu?"

"Kwani najenga? Naziba tu. Mvua iko karibu, na watoto wanalala hii side."

"Hapa serikali ni mimi. Wacha hiyo kazi mpaka niseme."

Ningeweza kumruhusu palepale. Sikumruhusu, kwa kuwa hakuja kunitafuta kwanza. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Nikaenda zangu mtaa wa Gatina kwa mjomba, fundi wa kujalidi vitabu, nikamhadithia nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anashona kamusi kuukuu, akaifungua mbele yangu.

"Hili neno unaringa nalo limetoka kwa Waajemi," akasema. "Kwao sar ni kichwa, kar ni kazi. Sarkar ni yule anasimamia kazi. Likafika India, likawa la mabwana na watawala. Huku kwetu tukasema serikali. Watu wamelipandisha cheo, lakini kazi bado iko ndani. Sasa wewe leo umefanya kazi gani?"

Mvua ikaanza kupiga mabati, nikaukumbuka ule ukuta. Nikatoka mbio.

Nilipofika Silanga ukuta ulikuwa umeangukia kitanda cha watoto. Watoto wenyewe walikuwa kwa jirani. Namshukuru Mungu mpaka leo. Mama Achieng' alikuwa amesimama kwenye mvua.

"Serikali, umefika," akasema. "Haya, nipe ruhusa ya kulala nje."

Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena. Siku tatu nilikata fito, nikakanyaga matope, nikakandika, huku watu wakinicheka. Walikuwa na haki. Yeye hakunicheka wala hakunishukuru; siku ya tatu alinipa ugali, nikala.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujamwambia mtu angoje, angalia ameshika nini mkononi. Akiwa ameshika kazi, shika upande wa pili. Cheo ulichopewa ni cha kazi hiyo tu. Mungu akubariki, akupe watu wa kukuambia ukweli mapema kuliko mimi nilivyoambiwa.

Haya, inuka. Mtaro wa pale kwa wajukuu wa Mama Achieng' umeziba tangu Jumatatu, na mawingu unayaona.