Do ya Baba

Juzi mtoto wa dada yangu alisahau filimbi yake ya shule mezani kwangu, hapa Cheektowaga. Nikainusa. Plastiki, mate na sabuni ya vyombo. Papo hapo nikarudi Louisville, jikoni kwetu mtaa wa Iroquois, nikiwa na miaka kumi na moja.

Shuleni tulikuwa wapiga filimbi wanane. Mwalimu wa muziki alileta wimbo wa zamani wa Waskoti, alioachiwa na bibi yake, tuupige mbele ya wazazi. Wenzangu saba walikuwa na filimbi ndogo. Mimi na vidole vyangu virefu nilipewa ile kubwa, na karatasi ya mwalimu haikuwa na sauti ya filimbi hiyo. Nikikosa cha kupiga, alisema, nitawafunulia wenzangu kurasa. Nilirudi nyumbani nimenuna, hata sombe, majani ya muhogo niyapendayo, sikuigusa.

Baba alikuwa akipakia maboksi ghalani, lakini kule Uvira alifundisha kwaya. Nilimwimbia ule wimbo, akacheka.

“Bon, hii inafanana na ya kwetu ya kanisa. Wewe utapata sauti ya tatu.”

Akiwa amekwisha vaa viatu vya kazi, akaniandikia sauti yangu nyuma ya ratiba ya zamu, kwa herufi za kwaya: d, s, l, m, yaani do, so, la, mi.

Kesho yake mazoezini niliona d, nikapiga noti ya D tuliyofundishwa shuleni, na nyingine zote nikazihesabu kutoka hapo. Kumbe wenzangu walikuwa wanaanzia G. Zilitoka kelele za ajabu, wakacheka mpaka wakashindwa kupuliza. Mwalimu akauliza nani kaandika.

“Baba,” nikajibu kwa Kiingereza, haraka haraka. “Hajui muziki.”

Bibi yangu alizoea kusema mdomo huponza kichwa. Siku ile wangu uliponza kichwa cha mwingine, maana Baba alikuwa mlangoni, amekuja kunichukua, na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa. Aliomba ruhusa kwa mkono, akawasikiliza wenzangu wakianza, akaniimbia noti yao taratibu.

“Mama,” akasema, ndivyo alivyoniita mimi binti yake, “do haina fasi moja. Fasi munaanzia, ndiyo do.”

Nikaanzia mahali pale, na sauti yangu ikakaa chini ya zao vizuri kabisa. Siku ya wazazi nilipiga mpaka mwisho. Sikumwomba Baba msamaha. Nilijiambia Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hakunielewa.

Nilijiambia hivyo miaka mingi. Mwaka jana nilikuwa nahama Columbus kuja huku, peke yangu, sijui hata pa kuanzia. Nikampigia simu nikilia. Akanijibu kwa Kiingereza safi:

“Mimi sijui muziki.”

Nikasikia anacheka.

“Lakini do, mama, iko fasi unaanzia.”

Kumbe alinielewa siku ile ile. Nikamwomba msamaha hapo hapo, maboksi yakiwa yamenizunguka.