Mwanahamisi Alipogeuka

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Baraka, kwa wale wa Fizi-Centre huko milimani wenye ofisi, kwa wale wa Ubwari wenye samaki, na hata kwa wale wa Minembwe ambao ziwa lao ni ng'ombe: kuanzia leo Mama Mwanahamisi, mwanikaji wa ndagala, anatambuliwa kuwa Mkurugenzi wa Daraja la Kwanza wa Upepo, Mawimbi na Mawingu, kwa kipaji chake cha kulisoma ziwa akiwa ameligeuzia mgongo, kipaji ambacho mababu walikificha na sayansi bado inakitafuta.

Hayo yalisomwa Jumatatu kwa kipaza sauti chenye betri dhaifu. Msomaji alikuwa Anatole, katibu wa kamati ya wenye maboti, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila kwanza kusalimu mamlaka zote zilizopo. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, anachambua ndagala, mgongo ziwani. Ili uelewe ilikuwaje watu wazima, wengine wamevaa viatu vya Idi, wakasimama mchangani kuupigia makofi mgongo wa mama wa watu, inabidi turudi hadi Alhamisi.

Mwanahamisi ameanika ndagala, wale dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika, kwenye ufuo ule miaka ishirini. Kila asubuhi anaketi vilevile: uso kwenye nyumba, mgongo kwenye maji. Watu wa Baraka hawakosi maelezo. Wako wanaosema aliweka nadhiri siku mumewe alipozama, ingawa mumewe alikufa kitandani, hospitalini, kwa ugonjwa wa ngiri, na nusu ya mtaa ilimpelekea uji. Wako wanaosema amefunga mkataba na kitu cha chini ya maji. Yeye hakuwahi kuulizwa. Jambo likishapata maelezo mazuri hivyo, nani atataka kuliharibu kwa swali?

Kinachojulikana kwa hakika ni masikio yake. Mbele ya ufuo, kule ng'ambo karibu na Ubwari, kuna safu ya miamba inayoitwa Meno. Siku ya utulivu utaona migongo myeusi tu, imelowa, kama viboko waliosinzia. Siku nyingine wimbi linafika pale, linasimama wima, linavunjika likiwa jeupe, na watu husema Meno yanacheka. Kati ya Meno na rasi ya Ubwari kuna Mlango, njia nyembamba ambayo boti zote hupita kwenda vijiji vya Ubwari. Ndagala zilizonyeshewa hazina rafiki isipokuwa nzi, kwa hiyo Mwanahamisi alijifunza zamani kuyasikiliza Meno, apate kujua mvua ikiwa bado iko mbali. Wenye maboti nao wakajifunza kumuuliza yeye. Majibu yake ni mawili: "Nendeni" au "Bado."

Alhamisi hiyo binti yake Riziki alikuwa amemaliza arobaini. Alikuwa amejifungua kwa mama yake, mtoto wa kike, na sasa alipaswa kurudi Ubwari kwa mumewe, ambako mbuzi alikuwa ameshachinjwa na mashangazi wamekaa mlangoni kama mahakama. Wa kumvusha alikuwa Ramazani, mdogo wa marehemu baba yake, mwenye boti moja, moteri moja, na kofia ya ukapiteni aliyoinunua kabla ya boti.

"Shemeji," Ramazani aliita, "ziwa iko namna gani leo?"

"Bado."

"Bado nini? Juu iko safi sawa sahani ya mugeni!"

"Bado, Ramazani."

Ramazani akawageukia abiria. "Mumesikia? Bado, ni kusema mawimbi bado haijafika. Sasa kama haijafika, tuende mbele ifike. Si njo akili?"

Watu wakacheka. Ndiyo ubaya wa neno hilo. Ofisi zetu zinaishi kwa neno hilo, na kila mtu analielekeza kule anakotaka kwenda.

"Nasema bado haijatulia," Mwanahamisi akasema. "Meno inapiga polepole. Inapiga, inanyamaza sana, inapiga tena. Kuna kitu kubwa kule juu, kaskazini. Musikilize."

Wakasikiliza. Wakasikia jogoo na pikipiki.

Hapo ndipo Eddy alipoingia. Eddy anafanya kazi kwenye shirika linalofundisha watu kujiandaa na maafa, na yeye amejiandaa kwa jaketi lenye mifuko minane. "Bamama," alisema kwa huruma, "tuache mambo ya masikio. Tuko ku siècle gani, karne gani? Munipe dakika moja niulize simu." Akaandika, akasubiri, akainua simu juu ili wote waone. Jua la manjano, duara kabisa. Chini yake, kwa herufi za kijani: EXCELLENT.

"Excellent!" Ramazani akapiga paja. "Shemeji, hata satelite inakukatala!"

Riziki alimtazama mama yake. Mtoto alikuwa mgongoni, usingizini. "Mama, mi nifanye namna gani? Bantu banangoja. Nikikosa leo, mama mukwe atasema ni we ulinikataza."

"Na atakuwa amesema kweli."

"Mama..."

Mwanahamisi hakubishana tena. Alimfungua mtoto mgongoni mwa Riziki, akamfunga upya kifuani, akakaza kitenge mara mbili. "Mutoto umubebe mbele. Simu uiweke ndani ya sashe ya plastiki, uifunge." Hakusema safari njema. Riziki alilisubiri neno hilo kidogo, kisha akakunja kitenge chake akaingia majini.

Boti ikaondoka na watu kumi na tisa, mbali na mtoto. Walikuwa na magunia ya unga, kuku wawili, na jaketi sita za kuokolea, ambazo Ramazani alikuwa amezikalia.

Mwanahamisi akarudi kwenye beseni, mgongo ziwani. Jirani yake kwenye kazi ile ni Goreth, mkimbizi kutoka Burundi, mkulima asiye na shamba, aliyesoma hadi sekondari na sasa anageuza ndagala kwa fagio.

"Mama Riziki, hauangaliye hata mwana wako anaenda?"

"Namusikia."

Alikuwa anaisikia moteri ikikonda. Na nyuma ya moteri alikuwa anasikia Meno. Pigo. Kimya kirefu kiasi cha kuchambua kiganja kizima cha ndagala. Pigo. Halafu mapigo yakaanza kuja matatu yakifuatana, na baada yake kimya kilichokuwa kibaya kuliko mapigo yenyewe. Kuku wa ufuoni waliacha kudokoa, wakaingia chini ya mtumbwi mmoja mmoja, bila kugombana, jambo ambalo kuku hawalifanyi. Upepo ulikufa. Harufu ya ndagala, ambayo siku zote inatembea, ikasimama palepale.

Kisha kivuli chake, ambacho kilikuwa kimelala mchangani mbele yake tangu asubuhi, kikafifia. Kikawa kama doa la maji. Kikapotea.

Mwanahamisi akasimama. Akageuka.

"Yesu wangu," Goreth alisema, fagio likamponyoka. "Amegeuka. Mama Riziki amegeuka!"

Miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Habari ilifika sokoni kabla ya radi. Mwenye duka alifunga mlango akiwa na mteja ndani. Mtu mmoja alikimbilia msikitini, mwingine kanisani, wakapishana njiani bila kusalimiana. Wanawake walikusanya ndagala zao kwa mikono, kwa sketi, kwa chochote.

Kaskazini, pale ghuba inapofunguka, palikuwa na ukuta. Mweusi chini, kijani kidogo juu, na ulikuwa unatembea. Mbele yake maji yalikuwa yamejikunja kwa mistari mirefu, kama kitambaa kinachovutwa na mtu mmoja. Boti ya Ramazani ilikuwa imekaribia Mlango, ndogo kama punje ya mchele, na kando yake Meno yalikuwa yanacheka hadi ufizi.

Eddy alikuja mbio, simu mkononi. "Haiwezekani! Angalia, hapa kungali jua!"

Goreth aliinama kwenye kioo. "Eddy, Fidji ni wapi?"

"Fizi. Niliandika Fizi."

"Hapa imeandikwa Fidji. Na chini, herufi ndogo: vagues, mawimbi, mètres tatu. Récif, miamba. Conditions excellentes pour le surf, ni kusema hali muzuri sana ya surf."

Eddy akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. "Simu... simu ilinikosoa."

"Surf njo nini?" Mwanahamisi aliuliza. Macho hayakutoka ziwani.

"Ni bantu banapandaka juu ya mawimbi na ubao, Mama," Eddy alijibu. " Kule ku visiwa, mbali. Mawimbi ikikuwa kubwa, njo banafurahi."

"Kwa kupenda?"

"Kwa kupenda."

"Leta hiyo simu."

Simu yake mwenyewe haikuwa na unité, salio la kupigia, hata moja. Akaitaja namba ya Riziki kwa kichwa, Eddy akaibonyeza. Ililia mara nne.

"Mama!" Nyuma ya sauti kulikuwa na vilio na maji. "Mama, Ramazani anataka kugeuza boti, turudi!"

"Asigeuze! Akigeuza, wimbi inamupiga ku ubavu, inawamwaga bote. Mwambie mi nimesema: akigeuza, nitamwanika pamoja na ndagala!"

Ikasikika sauti ya Riziki ikipeleka ujumbe huo, neno kwa neno, na sauti ya mwanaume ikiacha ghafla kupiga kelele.

"Amesikia, Mama."

"Vizuri. Nyuma ya Meno maji iko imelala, miamba inaikinga. Mutapita Mlango, mujifiche kule. Lakini hapana sasa. Apunguze moteri, pua ya boti iangalie mawimbi, mungoje. Kubwa zinakuja tatu. Kisha ziwa inavuta pumzi. Nikisema, muende. Umesikia?"

"Nasikia."

"Mutoto iko mbele?"

"Iko mbele."

Mstari wa kwanza ukafika. Boti ikapanda, ikasimama kama inafikiri, ikashuka. "Moja," Mwanahamisi alisema. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Boti ikazama nyuma yake ikaonekana tena, imelala upande. "Mbili." Wa tatu ulisimama juu ya Meno, ukakaa pale muda ambao mtu angeweza kusema shahada, ukaanguka. Sauti yake ilifika ufuoni baadaye, kwenye nyayo kabla ya masikio.

Boti haikuonekana.

Goreth alijifunika uso. Kwenye simu kulikuwa na maji tu, maji yanaongea na maji. Mwanahamisi hakusubiri kuona.

"Sasa! Riziki, sasa! Nendeni!"

Simu ikakatika.

Mvua ikaja, ikachukua Ubwari, ikachukua Meno, ikachukua ziwa lote hadi mitumbwi ya ufuoni. Ndagala za Mwanahamisi zililowa pale zilipokuwa, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Eddy aliishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na mwili wake, kama mtu aliyebebeshwa mali ya wizi. Mtandao ulionyesha mstari mmoja, kisha msalaba, kisha mstari. Ukawa msalaba muda mrefu.

Katikati ya mvua hiyo akatokea Anatole, mwavuli mkononi, daftari chini ya kwapa. Alisalimu. Alitoa pole kwa niaba ya kamati. Kisha akakohoa. "Mama, ni ju ya rapport ya ajali tu. Tuandike bantu bangapi?"

"Bado," Mwanahamisi alisema.

"Bado nini, Mama?"

"Bado usiandike."

Anatole akafunga kalamu. Wakasimama wote wanne, wanautazama ukuta wa maji, karibu saa nzima. Meno hayakuonekana lakini yalisikika, matatu, kimya, matatu, kimya. Kila kimya Mwanahamisi aliinua kichwa.

Simu ilipolia Eddy alikaribia kuitupa. Mwanahamisi akaichukua.

"Mama." Sauti ilikuwa imekauka. "Tuko nyuma ya Meno. Tumejishika ku miamba. Moteri ilizama. Unga ilizama. Na kofia ya Ramazani."

"Na bantu?"

"Bote. Kumi na tisa."

"Na mutoto? Simusikie. Juu ya nini halie?"

Kimya. Upepo. Mwanahamisi alihesabu kimya hicho kama alivyohesabu vingine.

"Amelala, Mama. Alilia, akachoka, akalala."

Ndipo akaketi juu ya ndagala zake zilizolowa, akabaki hapo.

Jioni mitumbwi ya Ubwari iliwachukua wote. Mbuzi aliliwa siku ya pili, amepoa. Na kamati ikakaa vikao viwili, ikaona kwamba tukio linahitaji ama uchunguzi ama sherehe. Sherehe ilikuwa rahisi zaidi.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, jua likiwa limerudi juu ya Ubwari linawaka moja kwa moja juu ya maji, Anatole alimaliza tangazo lake na kuinamisha kipaza sauti. Ramazani alikuwepo, bila kofia, tayari anaulizia moteri ya kuazima. Eddy alikuwa anarekodi. Nyuma ya makofi, Meno yalikuwa yameanza tena kupiga polepole, pigo na kimya kirefu, na hakuna aliyeyasikia ila mtu mmoja.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," Anatole alisema, "kwa niaba ya vizazi vitakavyokuja, utufunulie ile siri. Ni ju ya nini unapatiaka ziwa mugongo miaka yote hii? Na siku ile ya hatari, ni nguvu gani ilikugeuza?"

Wote wakasogea. Mwanahamisi akatoa gamba la samaki kwenye kidole, akalipuliza.

"Jua ya asubui inaniumizaka macho," akasema. "Siku ile wingu iliifunika."